Macho Mawili Kifuani mwa Mama

Mama alianza kumwaga chai nje ya kikombe mwaka ule niliomaliza chuo. Aliinua birika, akalielekeza pale alipokiona kikombe, na chai ikaangukia mkekani, vidole viwili vitatu mbele ya kikombe chenyewe. Dada yangu alidhani ni uzee. Mimi nilidhani ni uchovu, kwa sababu ukame ulikuwa umetubana na mama alikuwa akitembea mwendo mrefu kila asubuhi kufuata maji. Hakuna aliyefikiri kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kimyakimya, bila maumivu wala wekundu, na kwamba la kulia nalo lilikuwa njiani.

Kwetu ni nyuma ya Kinango, mahali pa mbuzi na mahindi yanayokauka kabla ya kubeba. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Tulibaki watatu: mama, dada yangu ambaye amenizidi miaka sita, na mimi. Dada aliacha masomo ili mimi nisome. Hakuna siku aliyonikumbusha jambo hilo, na pengine ndiyo maana sikulisahau.

Tulipomfikisha mama kwa daktari wa macho kule pwani, daktari, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimkagua kwa muda mrefu kisha akavuta kiti na kukaa karibu naye.

"Mama, hii ni presha ya macho," alisema. "Kilichokwisha kwenda hakirudi. Tutajaribu kukilinda kilichobaki."

Kilichobaki hakikulindika. Kila mwezi dunia ya mama ilizidi kusinyaa kutoka pembeni, hadi akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mwishowe bomba lenyewe likazibika.

Siku ile tuliporudi kutoka kwa daktari, tukiwa tumekaa barazani, mama aliniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililoanzisha mambo yote.

"Baba," aliniita, maana aliniita hivyo tangu utotoni, "lile jicho moja lilikuwa bado linaona. Mbona chai ilikuwa inamwagika?"

Nilimweleza kama nilivyofundishwa chuoni. Kila jicho linaona picha yake, na picha hizo mbili hazifanani kabisa kwa sababu macho yamekaa mbalimbali kidogo. Kitu kilicho karibu kinahama sana kati ya picha moja na nyingine, kitu cha mbali kinahama kidogo tu. Ubongo unazilinganisha picha mbili, unapima uhamaji ule, na papo hapo mtu anajua kikombe kiko umbali gani na mkono wake. Jicho moja likikosekana, ulinganisho hakuna, mtu anabaki kukisia.

Mama akacheka. "Kumbe ni hesabu. Na mimi sikusoma."

Alipopofuka kabisa, dada ndiye aliyemwongoza. Mama alishika ncha moja ya fimbo, dada akashika nyingine, wakaenda hivyo chooni, zizini, msibani, kwenye kioski cha maji. Mimi nilikuwa Ukunda, nimepanga chumba na kupata kazi ya kutengeneza simu na kufunga kamera za ulinzi kwenye nyumba za wageni za Diani. Nilikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na unga, sukari, na habari za mjini. Dada aliitwa kazini kwenye hoteli moja mara mbili, kazi ya kutandika vyumba, na mara zote mbili alikataa. Mara ya pili nilimuuliza kwa nini, swali la kipumbavu, na alinijibu bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Wewe una kazi Ukunda. Mimi nina fimbo."

Nilirudi Ukunda na neno hilo, na wiki ileile nilianza kutengeneza mashine.

Nilifanya kazi hiyo pamoja na mwenzangu wa karakana, kijana wa kutoka bara aliyekuwa na mikono mizuri kuliko yangu na Kiswahili chake cha mjini. Tulichukua kamera mbili ndogo zinazofanana, tukazifunga kwenye kipande cha aluminiamu, umbali wa kiganja kati yake, na kuziunganisha na kompyuta ndogo inayoenea mfukoni. Kamera zote mbili zilipiga picha kwa wakati mmoja. Programu ilichukua kila kitone cha picha ya kushoto na kumtafuta pacha wake katika picha ya kulia. Ilipompata, ilipima amehama kiasi gani, na kutokana na hapo ikajua umbali. Kisha ilichora picha ya tatu, ya rangi tupu: vya karibu vyekundu, vya mbali vya buluu, vya kati vya kijani. Mara ya kwanza nilipoiona ikichora kiti, meza, na mwenzangu aliyekaa nyuma ya meza akila viazi, kila kimoja na rangi yake, nilimwita aache viazi aje aone.

Kwa kuwa mama asingeziona rangi, tulishona mkanda wa kuvaa kifuani wenye vidude vinavyotetema: kushoto, kulia, katikati. Kitu kikiwa karibu, au ardhi ikikatika mbele, mtetemo uliharakisha. Njia ikiwa wazi, mkanda ulikaa kimya.

Shida ya kwanza ilikuwa wakati. Kutafuta mapacha wa maelfu ya vitone ni kazi kubwa kwa kompyuta ndogo, na mtu anayetembea hawezi kungoja. Mwenzangu alifungwa kitambaa machoni akatembea uani, akaupiga ukuta kwa paji la uso.

"Buda," alisema akijipapasa, "hii kitu imeniambia kuna ukuta nikiwa nishaugonga."

Tulipunguza ukubwa wa picha, tukabana hesabu, tukaandika upya kila palipokuwa pazito, hadi mashine ikaweza kujibu kabla ya mguu kushuka. Hapo ndipo tulipoanza kuyaona makosa yenyewe. Mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, mweupe mtupu, kila kitone kinafanana na chenzake, na mashine haikujua yupi pacha wa yupi. Mbele ya dirisha la nondo ilichukua nondo moja badala ya nyingine na kusema liko mbali. Mbele ya dimbwi la maji ilichanganyikiwa kabisa, maana maji yaliyotulia hayana sura yake yenyewe. Yana sura ya mbingu tu.

Dawa yake ilikuwa kuifanya mashine ijihakiki. Ilitafuta mapacha kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ikarudia kutoka kulia kwenda kushoto. Majibu mawili yakikubaliana, iliamini. Yakipingana, ilikitupa kitone kile, na kama vilivyotupwa ni vingi, kidude cha chini, karibu na kitovu, kilitoa mtetemo mrefu, mzito. Ule mtetemo maana yake ilikuwa: sijui, simama, tumia fimbo.

Nilimpelekea mama mashine msimu wa kiangazi. Alijifunza kwa majuma mawili, nikiwa nimeomba ruhusa kazini. Siku ya kwanza alisimama katikati ya ua kama mtoto anayefundishwa kusimama, mikono ameitanua, mimi mbele yake na dada nyuma yake. Siku ya nne alikwenda zizini peke yake. Alifungua mlango, akawagusa mbuzi mmoja mmoja kichwani, akawahesabu kwa sauti, akafunga. Dada alikuwa amesimama kando ya jiko, leso ameziba nayo mdomo.

Lakini kwetu ardhi ni kavu, na saa za mchana jua linaichoma hadi inakuwa nyeupe kama bati jipya. Mtetemo wa sijui ulipigapiga bila kupumzika. Mama alikuwa akisimama kila baada ya hatua tatu.

"Hii sijui yake inanichosha, baba," aliniambia jioni moja kabla ya magharibi, akiuvua mkanda. "Mtu anayekwambia sijui mchana kutwa, utamfuata wapi? Mimi mwenyewe sijui. Nilidhani hii ndiyo inayojua."

Wakati huo hoteli ilikuwa imemwita dada mara ya tatu, na safari hii alikuwa amekubali. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi.

Niliketi chini ya ukuta wa nyumba na kompyuta yangu mapajani, nikaondoa uhakiki. Mahali ambapo mashine haikujua, niliiamuru ijaze pengo kwa kunakili majirani: ikiwa kushoto ni ardhi na kulia ni ardhi, basi katikati nako pawe ardhi. Si jambo nililolibuni. Wengi hufanya hivyo ili picha itoke nzuri, bila matundu. Na ilitoka nzuri. Ilikuwa laini, na mashine ikawa nyepesi zaidi kwa kuwa kazi yake ilipungua nusu. Nilimpigia mwenzangu kumwambia.

"Usitoe hiyo check," alisema. "Afadhali ikuwe slow. Hiyo sijui ndiyo brake yako, manze."

"Ni mama yangu," nilimjibu. "Najua anapita wapi."

Asubuhi yake mama alivaa mkanda, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwarobaini wa jirani na kurudi bila kusimama hata mara moja. Alikuwa anacheka. Aliporudi aliniuliza, "Na fimbo nayo?"

"Ukiwa na mzigo iache," nilimwambia. "Mikono yako iwe huru."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kumwambia mtu.

Dada aliondoka. Jirani yetu, mama mmoja Mkristo mwenye mbuzi wengi kuliko sisi, aliahidi kupita kila asubuhi kumwangalia, na alipita. Mama alijipikia. Alifagia. Alianza kwenda mwenyewe kioski cha maji na mtungi wa lita kumi, akaujaza, akajitwisha, akarudi, mikono yote miwili juu. Watu walisimama njiani kumtazama. Jirani alinitumia video yake kwa simu, na mimi nikaionyesha kila mteja aliyeingia karakana. Afisa mmoja wa kaunti kutoka Kwale akapiga simu kuomba niende kuwaonyesha wakubwa wake mashine hiyo. Dada alinipigia kutoka chumba cha wafanyakazi hotelini, akasema amelala usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nilijiona mtu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa miezi ile michache nilijiona mtu kwelikweli.

Kando ya njia ya kioski watengeneza barabara walikuwa wamechimba murram, ule udongo wa changarawe wa kutandaza barabarani. Walichukua walichohitaji wakaondoka, wakaacha shimo lenye kingo zilizokatwa wima na tingatinga, refu kumpita mtu. Nililipita mwenyewe mwisho wa mwezi mmoja. Lilikuwa kavu, na mashine ya mama ilikuwa ikilitambua vizuri, kwa sababu ukingo wake ulikuwa na changarawe na vivuli, vitone vya kutosha vyenye sura tofauti. Mama mwenyewe aliniambia, "Pale pana kitu, inanikataza." Nikaridhika.

Kisha mvua ikaja. Tulikuwa tumeiomba kwa misimu miwili, na ilipofika ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne kulikucha kweupe, bila upepo. Shimo lilikuwa limejaa hadi kwenye mdomo, maji yamesawazika na njia. Maji ya shimoni yalikuwa ya mifugo, ya kunywa yalibaki kuwa ya kioski, kwa hiyo mama alichukua mtungi wake akatoka.

Jirani alipopita hakumkuta nyumbani, akafikiri amechelewa kwenye foleni. Alipopeleka mbuzi wake malishoni ndipo alipouona mtungi ukielea.

Alinipigia saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeshika simu ya mteja mkononi, imefunguliwa, nayo yangu inalia mezani.

"Uko na nani hapo?" aliuliza.

"Niko na mwenzangu. Kwema?"

"Njoo nyumbani. Usije peke yako. Njoo na huyo mwenzako."

Sikumuuliza zaidi. Sauti yake ilikuwa imeshanieleza.

Tulimzika mama alasiri ileile. Dada alifika na sare ya hoteli chini ya buibui, hakuwa amepata muda wa kubadilisha. Watu walikuwa wengi, na kila aliyenishika mkono alisema neno lilelile kwa namna yake: hukumtupa mama yako, ulimpa macho, Mungu atakulipa. Ami yangu, mdogo wake baba, alisimama baada ya dua akawaambia vijana waliokuwepo wanitazame mimi, mtoto aliyesoma akamkumbuka mzazi. Nilitazama chini. Wakadhani ni unyenyekevu.

Kabla sijaondoka, jirani aliniletea kifurushi kilichofungwa kwa leso. "Tulimvua kabla ya kumuosha," alisema. "Sikujua tukiweke wapi." Ulikuwa ule mkanda, mzito kwa maji, na matope yamekauka juu ya kioo kimoja.

Mashine ilikuwa ikihifadhi kila inachoona kwenye kadi ndogo. Nilikuwa nimeiweka hivyo ili niisahihishe. Majuma mawili niliiacha kadi hiyo ndani ya droo. Siku niliyoitoa, mwenzangu aliniona nikiipangusa, akafunga mlango wa karakana, akavuta kiti akaketi kando yangu. Nilimshukuru kwa hilo.

Kadi ilikuwa nzima. Tuliona mlango wa nyumba yetu ukifunguka. Tuliona njia, mbuzi wa jirani, mkono wa mama ukipita mbele ya kamera kurekebisha leso. Picha hazikuwa na sauti. Alitembea vizuri, mwendo wa mtu anayejua aendako. Kisha shimo likatokea mbele, nami nililijua kwa miti tu iliyokuwa ng'ambo yake, kwa maana lenyewe halikuonekana. Palikuwa na mbingu juu na mbingu chini. Katika ile picha ya rangi, upande wa pili wa kioo cha kompyuta, hapakuwa na mbingu wala maji. Palikuwa na rangi laini isiyokatika, kutoka nyekundu ya miguuni pake hadi buluu ya ng'ambo. Ardhi. Mashine ilikuwa haijui, ikanakili majirani kama nilivyoiamuru.

Halafu mama alisimama.

Alisimama hatua moja kabla ya ukingo. Picha ilitulia, ikapanda na kushuka polepole kwa pumzi zake. Labda alihisi ubaridi wa maji usoni. Labda aliwasikia vyura. Miaka yote ile ya giza ilikuwa imemfundisha kusikiliza, na kitu fulani kilimwambia asimame, naye akakitii. Akangoja. Nadhani alikuwa akiingoja mashine. Mkanda ulikaa kimya, na yeye alijua ukimya huo una maana gani, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha.

Akapiga hatua.

Mwenzangu aliizima kompyuta kwa mkono wake. Baada ya muda niliiwasha tena, nikaichukua picha ile ya mwisho aliyosimama, nikarudisha uhakiki nilioutoa, nikaipitisha upya. Eneo lote la maji lilitoka jeusi. Sijui, sijui, sijui, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mtetemo wa kitovuni ungempiga kwa nguvu zote ulizokuwa nazo.

"Usijifanyie hivi," mwenzangu alisema.

"Wewe uliniambia."

"Nilikwambia. Lakini hata mimi singejua."

Nilikwenda Diani kesho yake, nikamngoja dada kwenye lango la wafanyakazi hadi zamu yake ilipokwisha. Tulisimama chini ya ukuta, wageni wakipita na taulo zao. Nilimweleza yote, tangu ile Jumamosi. Sikujitetea. Nilikuwa nimekusudia nisijitetee, na hilo angalau nililiweza.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza, "Alisimama?"

"Alisimama."

"Muda gani?"

"Kama mtu anavyongoja kujibiwa."

"Na mashine ikamjibu nini?"

"Haikumjibu kitu. Ikikaa kimya ndiyo inasema njia ni wazi."

Alikunja mikono kifuani, akaanza kuyumba kidogo, mbele na nyuma. "Mimi niliondoka kwa sababu ulinihakikishia," alisema. "Nilikuuliza jikoni, unakumbuka? Nilikuuliza, ina hakika? Ukaniambia ina hakika kuliko mimi na fimbo yangu."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeliacha neno hilo katika kumweleza, si kwa makusudi, au pengine kwa makusudi.

"Waambie," alisema.

"Niwaambie akina nani?"

"Wote. Siku ya arobaini watakuja tena wakusifu. Mimi sitaweza kukaa pale nisikie. Waambie, au mimi nitawaambia."

Akarudi ndani.

Siku ya arobaini walikuja. Kulipikwa wali, kukasomwa hitima. Dada alikuwa jikoni na wanawake, hakunisalimu. Ami alipoanza tena habari za mtoto aliyesoma, nilisimama nikamwomba radhi kwa kumkatiza, nikaeleza. Nilitafuta maneno mepesi ili kila mtu anielewe: kwamba mashine ilikuwa na namna ya kusema haijui, kwamba mama ilimchosha, kwamba niliifunga mdomo badala ya kuitengeneza, kwamba nilimwambia aache fimbo. Nilisema kwamba alisimama.

Ami alisema, "Hayo ni ya Mungu, mwanangu. Ajali haina kinga. Kaa chini ule." Wazee wawili watatu wakaitikia. Niliona kwamba hawakutaka kukipokea nilichowapa. Walitaka niendelee kuwa yule kijana wa kuonyeshwa vijana. Lakini jirani yetu, aliyekuwa amekaa mlangoni pa jiko na sahani mapajani, aliiweka sahani chini. Yeye ndiye aliyeingia majini siku ile kumtoa mama. Alinitazama kwa muda, akainuka, akajifunga leso yake vizuri kiunoni, akaenda zake bila kuaga. Sikumlaumu. Kati ya watu wote waliokuwepo, niliona ni yeye na dada tu waliokuwa wamenisikia.

Yule afisa wa Kwale nilimwambia vilevile. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza kama sasa nimekwisha kuirekebisha. Nikamwambia kurekebisha ni kazi ya dakika chache, na kwamba mimi si mtu wa kuileta tena kwa kipofu wa mtu mwingine. Akasema nifikirie. Hakupiga tena. Mashine tuliifungua, tukagawana vipande karakana. Kamera zile mbili siwezi kusema ziko wapi leo.

Dada hakuzungumza nami karibu mwaka mzima. Aliacha kazi ya hoteli, akarudi nyumbani, akafuga mbuzi. Nilipokwenda mwisho wa mwezi niliacha unga mlangoni, nikasalimia kwa sauti, nikaondoka. Safari moja nilikuta ametoka na panga, anakata matawi ya miiba na kuyaburuta kuelekea kwenye shimo la murram. Jirani alikuwa naye. Walikuwa wameamua kulizungushia ua wenyewe, kwa kuwa wachimbaji hawakurudi kulifukia. Niliweka mfuko wa unga chini, nikashika tawi. Hakuna aliyenikataza. Tulifanya kazi hadi adhuhuri bila maneno zaidi ya "shika hapa" na "vuta". Upande ule mama alipoingilia, dada aliuziba mwenyewe, kwa matawi mengi kuliko pengine pote, na hakutaka msaada.

Tulipomaliza, mikono yetu sote ikiwa na damu ya mikwaruzo, jirani alitugawia maji kutoka kwenye kibuyu chake. Alianza na dada, akanipa mimi, akanywa yeye. Kisha akasema mbuzi wake wamepotelea ng'ambo, akaenda kuwatafuta.

Dada alikaa juu ya jiwe. "Paa la nyumba ya mama limeoza upande wa jikoni," alisema, akiutazama ule ua. "Nataka kulibomoa lote kabla ya mvua."

"Nitaleta mabati," nilisema.

"Leta na misumari."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa. Mpaka leo hajasema kwamba amenisamehe, wala mimi sijamuuliza. Tunazungumza Ijumaa kwa simu, habari za mbuzi, za mvua, za nani amefiwa na nani ameozesha. Neno lolote ninalomwambia, hata la bei ya dawa ya mifugo, huniuliza kwanza kama nina hakika. Ninapokuwa sina, namwambia sina.